Klabu ya watoto inaokota plastiki kila mwezi, lakini pipa la shule linajaa vilevile. Tunakosea wapi?

Mlezi_wa_Klabu

Habari zenu wadau. Ninalea klabu ya mazingira yenye watoto 35, wa miaka 9 hadi 12. Ratiba yetu haibadiliki: Jumamosi moja kila mwezi tunaokota plastiki kuzunguka shule, darasa lililoleta chupa nyingi kuliko mengine linapata zawadi, na baadhi ya chupa tunazikata ziwe vyungu vya maua. Watoto wanafurahi, wazazi wanapiga picha. Tatizo ni kwamba pipa la shule linajaa kama lilivyokuwa likijaa mwanzo, na chupa zinazoletwa siku ya zawadi zinaongezeka badala ya kupungua.

Naombeni msaada kwenye mambo matatu. Nipime vipi ili nijue kama kuna kinachobadilika kweli? Kuna majaribio gani ya darasani yanayoonyesha plastiki inafanya nini ikifika baharini? Wengi wao hawajawahi kuiona bahari, na maabara hatuna. La mwisho, tuna safari moja ya ufukweni kwa mwaka, na sitaki iwe ya kuokota na kurudi tu. Nipeni vipimo kamili, msinihurumie.

---

Pipa_Halidanganyi

Mlezi, anza kwa kufuta hiyo zawadi. Ukimtunza mtoto kwa wingi wa chupa, chupa zitakuwa nyingi. Zitatoka nyumbani, zitatoka kwa jirani, na nyingine zitanunuliwa zikiwa na soda ndani ili mradi ziletwe tupu. Hapo umefungua soko la chupa.

Sasa kupima. Unahitaji ukaguzi wa pipa kwa siku tano za masomo mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku moja haikupi picha, kwa sababu siku ya michezo chupa hufurika na siku ya mvua watoto hawatoki kununua kitu. Tafuta turubai la mita 2 kwa 2, koleo za kushikia, daftari, na glavu za mpira zile za kuoshea vyombo. Glavu nyembamba za kutumia mara moja ziache huko huko dukani. Ni kichekesho kumaliza ukaguzi wa plastiki huku mmeongeza glavu 70 kwenye pipa.

Anayemwaga pipa ni mtu mzima, naye hupitia kwanza peke yake akitoa vioo, nyembe, sindano na chochote chenye majimaji. Pipa la chooni haliguswi kabisa. Baada ya hapo watoto wanatenga mafungu: chupa, vizibo, pakiti za vitafunwa, mifuko, mirija pamoja na vijiko na vikombe, halafu "mengineyo". Sita yanatosha. Ukiweka mafungu kumi na tano watabishania kila kipande na jua litawatua hapo hapo.

Hesabu vipande, usitegemee uzito. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi, pakiti ya vitafunwa ina gramu chache tu, lakini mabaki ya chakula yaliyolowa yanazipita zote. Ukipima kwa kilo, mvua moja inavuruga takwimu za wiki nzima. Kwa pakiti zilizochanika wekeni kanuni mapema: kinachohesabiwa ni kipande kilicho zaidi ya nusu ya pakiti. Bila hivyo pakiti moja iliyopasuka inageuka kuwa tatu.

Kisha gawanya. Tuseme mmepata vipande 1,200 kwa siku 5, na kila siku walihudhuria wanafunzi 400. Chukua 1,200 ugawe kwa (400 × 5), unapata 0.6 kwa mtoto kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani. Tumia mahudhurio halisi, usitumie idadi ya walioandikishwa, la sivyo wiki ya mafua itaonekana kama ushindi.

Yanayoharibu zoezi ni haya. Mhudumu wa usafi kumwaga au kuchoma taka alfajiri kabla hamjafika; zungumza naye wiki moja kabla, na kwa heshima, maana yeye ndiye anayelijua hilo pipa kuliko nyote. Kutangaza mstarini kwamba taka zitahesabiwa. Watoto watazificha mifukoni na utapima woga wao. Na upepo. Wekeni mawe kwenye pembe za turubai, na mifuko ihesabiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishapata namba, chagua kitu KIMOJA tu. Kiwe miongoni mwa vinavyoongoza kwa idadi, na mwenye uamuzi juu yake awe ndani ya geti la shule. Mirija ya kantini ni mfano mzuri: kopo la mirija liondoke kaunta, likae chini, anayeomba apewe. Hakuna aliyekatazwa, ila ile tabia ya kuchomoa mrija bila kufikiri inakosa njia. Subiri wiki tatu upya wa jambo uishe, ndipo urudie ukaguzi wa siku tano zilezile. Ukibadilisha mambo manne kwa mpigo na namba ikashuka, hutajua lipi lilifanya kazi, na likizo ikipita hutajua lipi la kulinda.

---

Chumvi_na_Yai

Mimi nachukua swali la pili. Jaribio la kuelea na kuzama ndilo ningeanza nalo, kwa sababu mtoto anakisia, anaona amekosea, kisha anauliza mwenyewe.

Andaa mitungi mitatu ya kioo, kila mmoja lita moja ya maji. Wa kwanza maji matupu. Wa pili tia gramu 35 za chumvi, yaani kama vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa. Hayo yamekaribia kabisa maji ya bahari. Wa tatu gramu 150. Kama huna mizani, mtungi wa tatu pima kwa yai bichi: ongeza chumvi kidogo kidogo ukikoroga hadi yai lielee, halafu ongeza kijiko kimoja zaidi. Yai liwe jipya, maana lililokaa sana lina hewa ndani na litaelea mapema likudanganye. Maji ya uvuguvugu yanayeyusha chumvi haraka, ila acha yapoe kabla ya kuanza.

Kata vipande vya sentimita 1 kwa 1: ubavu wa chupa ya maji (angalia namba 1 ndani ya pembetatu), kizibo chake (kwa kawaida ni 2 au 5), mfuko mwepesi (4), na kitu kigumu chenye namba 6 kama kasha la CD. Kila mtoto aandike kisio lake kabla ya kutumbukiza.

Kizibo na mfuko vitaelea kwenye mitungi yote mitatu. Namba 1 itazama kote, hata ukitia chumvi mpaka isiyeyuke tena. Namba 6 ndiyo inayowaamsha: inazama kwenye maji matupu, inazama kwenye maji ya bahari, kisha kwenye mtungi wa tatu inapanda juu. Sababu ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake (gramu kwa kila mililita). Polipropilini (namba 5) ni kama 0.9, polietilini (namba 2 na 4) ni 0.91 hadi 0.97, polistirini (namba 6) ni 1.05 hivi, plastiki ya chupa (namba 1) ni 1.38, maji matupu ni 1.00, ya bahari 1.025, na mtungi wa tatu unakaribia 1.09.

Jaribio hili likikataa, mara tisa kati ya kumi ni viputo vya hewa. Kipande cha chupa kinalala juu ya ngozi ya maji kama kinaelea, kumbe hakijalowa. Tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kila mtungi, kizamishe kipande kwa kijiti, kitikise, ndipo ukiachie. Tatizo la pili ni vitu vya polipropilini vilivyochanganywa na unga wa mawe ili viwe vigumu, kama baadhi ya viti. Hivyo vinaweza kuzama ingawa vina namba 5. Na ile plastiki nyeupe ya povu ni namba 6 pia, lakini inaelea kwa sababu sehemu kubwa ni hewa. Usiwaambie. Iweke mezani kama kitendawili.

Baada ya hapo uliza: ikiwa kipande cha chupa kinazama, mbona chupa nzima inaelea? Watahangaika, kisha mmoja atafungua kizibo, aijaze maji, na itashuka. Hapo ndipo bahari inapoingia darasani. Chupa iliyofungwa inasafiri. Ikipoteza kizibo inakwenda chini, na kizibo kinaendelea na safari peke yake. Nyavu za nailoni (densiti 1.14) zinashuka, kamba za polipropilini zinabaki juu. Kinachoonekana ufukweni ni zile zinazoelea. Zinazozama hakuna anayezipiga picha.

Jaribio la pili linataka subira. Kata utepe wa mfuko, sentimita 2 kwa 10, ufunge kwenye kijiti na uuache kwenye ndoo ya maji ya bwawa mahali penye mwanga kwa wiki tatu. Utakuta una utelezi wa kijani. Baharini hali ni hiyohiyo: viumbe wadogo wanajenga juu ya plastiki, uzito unaongezeka, na kilichokuwa kinaelea kinaanza kushuka. Utelezi huo una harufu pia. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kasa wanaitikia harufu ya plastiki iliyokaa baharini kama wanavyoitikia harufu ya chakula. Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kwamba kasa "anaona vibaya" na kudhani mfuko ni konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayefanana na mfuko. Macho ni sehemu tu ya mtego, pua nayo imo.

La tatu ni jua. Bandika vipande viwili vya mfuko mmoja kwenye ubao, kimoja nje juani, kingine kabatini, na kila wiki vuta taratibu ulinganishe. Kosa la kawaida ni kukiweka nyuma ya kioo cha dirisha. Kioo kinazuia sehemu kubwa ya mionzi inayovunja plastiki na utasubiri hadi uchoke. Kosa lingine ni kukiacha hadi kisambaratike, kwa sababu makombo hayo huwezi kuyaokota tena. Nyufa za kwanza zikionekana, simamisha. Muda hutegemea mfuko umetiwa kinga gani kiwandani, kwa hiyo usiwaahidi tarehe.

---

Bamvua

Safari ya ufukweni inaharibika kabla basi halijaondoka, na kinachoiharibu ni ratiba ya maji. Kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna saa 6 na dakika kama 12. Angalia jedwali la maji la eneo mnalokwenda, mfike saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na mara yatakapoanza kurudi mwe mnafungasha. Wageni wa bahari hupanga saa kwa kufuata chakula cha mchana, halafu wanashangaa ufuko umewaishia miguuni.

Siku gani? Mimi napendelea siku mbili tatu baada ya bamvua, yaani zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Bamvua lenyewe linatupa taka juu kabisa, karibu na majani, na maji yanapoanza kupungua nguvu hayazifikii tena. Utaona mistari miwili au mitatu ya mwani na takataka sambamba na bahari. Mstari wa juu ndio wenye habari nyingi. Siku ya bamvua lenyewe watoto wadogo siwapeleki, kwa sababu maji hupwa mbali, wanafuata, na yakigeuka yanakuja kwa kasi.

Pima mita 100 za ufuko kwa kamba na kigingi kila upande. Makundi ya watoto watano au sita, kila kundi na mtu mzima wake. Mmoja anaandika, mmoja anashika gunia, wengine wanaokota na kutaja kwa sauti: "kizibo!", "kamba!", "mrija!" Mwandishi anachora vijiti, cha tano kinakata vinne. Waandishi wasizidi mmoja kwa kundi. Wakiwa wawili kila kitu kinahesabiwa mara mbili. Ukiokota bila kuandika, umesafisha ufuko hadi maji yatakapojaa tena. Ukiandika, darasa linarudi na kitu cha kulinganisha na lile pipa la shuleni. Usafishaji wa kimataifa wa fukwe ulioanza Texas mwaka 1986 ulipata nguvu yake hapo: kila aliyeokota alijaza kadi.

Vichungi vya sigara watavikuta vingi. Wengi hudhani ni pamba au karatasi, kumbe ni nyuzi za plastiki. Viokotwe kwa koleo tu.

Kuna vya kutogusa. Mwani na magogo hubaki, ni makazi na chakula cha viumbe wa pale. Kamba iliyozama mchangani usiivute, inaweza kung'oa mizizi au viumbe vilivyoishikilia. Mtu mzima aikate usawa wa mchanga. Sindano, dawa, madumu yaliyofungwa na chochote kinachonuka kemikali vitiwe alama kwa kijiti na aitwe mtu mzima. Kila chupa igeuzwe na kuchunguliwa kabla ya kutiwa gunia, maana kaa wadogo huingia na kushindwa kutoka.

Ukitaka wachunguze plastiki ndogo, zile zisizofika milimita 5, fanya hivi. Kwenye mstari wa juu, weka fremu ya sentimita 50 kwa 50, kwangua mchanga kina cha sentimita 2. Hiyo ni lita 5 za mchanga. Mchanga uwe mkavu. Ukiwa umelowa chekeche linaziba na watoto wanakata tamaa dakika ya tatu. Chekecha kwa tundu la milimita 5, kisha kwa chekeche la unga. Kilichobaki juu ya chekeche la unga kitie kwenye ndoo ya maji ya bahari yaliyoongezwa chumvi, koroga, subiri dakika mbili, kusanya vinavyoelea kwa chujio la chai. Utapata vijiti, maganda ya mbegu, na pengine punje laini zenye umbo la dengu, milimita 2 hadi 5, nyeupe au za manjano. Hizo ndizo punje ambazo viwanda huziyeyusha kutengenezea bidhaa za plastiki. Meli ya X-Press Pearl ilipoungua karibu na Sri Lanka mwaka 2021, tani zaidi ya elfu moja za punje hizo ziliingia baharini. Kutofautisha punje na mbegu, ibonyeze kwa ukucha: mbegu hupasuka au hubonyea, punje hukataa. Wanawe mikono kabla ya kula, kwa sababu plastiki iliyokaa baharini hukusanya kemikali juu yake.

Jambo la mwisho, na ndilo linalosahauliwa: mkishafunga magunia, yanakwenda wapi? Panga usafiri kabla. Magunia yaliyoachwa ufukweni "yatachukuliwa kesho" huchukuliwa na bahari usiku huohuo.

---

Mlezi_wa_Klabu

Asanteni sana, nimechapisha kila kitu. Nimechungulia pipa tayari na hata bila ukaguzi kamili naona chupa za maji ya kunywa ndizo zinazoongoza. Watoto wananunua kwa sababu bomba la shule hawaliamini. Je, nianze na kampeni ya kuleta chupa ya kudumu? Na zawadi nikiifuta niweke nini mahali pake? Mzazi mmoja anapendekeza tushindilie plastiki kwenye chupa ziwe matofali.

---

Birika_la_Darasa

Mwalimu, kampeni ya chupa bila maji ya kuaminika itakufa ndani ya wiki mbili. Mtoto ataleta chupa, itaisha saa nne, atakwenda kununua nyingine. Anza na maji.

Watoto 35 kwa nusu lita kila mmoja ni lita 17.5, kwa hiyo ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki inalitosha darasa kwa asubuhi moja. Koki ni ya lazima. Kikombe cha kuchotea kikiingia ndani, mikono 35 imeingia pamoja nacho. Maji yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili (dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000), au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na kuachwa dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwanza, kwani tope hula klorini. Ndoo isuguliwe kwa sabuni kila wiki, na koki ifunguliwe nayo ioshwe, maana ukoko hujificha humo.

Chupa iwe na mdomo mpana wa kupitisha brashi. Nyumba nyingi tayari zina chombo kinachofaa, kwa hiyo barua ya kwenda kwa wazazi isiseme "nunueni", iseme "tumieni mlicho nacho". Kinachofukuza watoto ni harufu, na harufu hutoka kwenye ule mpira mwembamba ndani ya kizibo. Uchomolewe kila siku kwa ncha ya kijiko, uoshwe kwa maji moto na sabuni, ukaushwe nje ya kizibo. Chupa ikauke ikiwa imepinduliwa, kizibo kikiwa pembeni. Ukiifunga ikiwa na unyevu, kesho asubuhi ina ukungu, na keshokutwa iko uvunguni.

Weka vikombe vitatu vya akiba darasani kwa waliosahau, vioshwe kila baada ya mtu kunywa. Ni kitu kidogo, lakini mtoto aliyesahau chupa leo ndiye mteja wa chupa ya dukani leo.

---

Pipa_Halidanganyi

Kuhusu zawadi: kuna utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa 1973. Watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa tuzo ya kuchora. Baadaye, tuzo zilipoondoka, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Somo kwako ni kwamba mtoto anayependa bahari tayari, ukimlipa unaweza kumpunguzia. Wape madaraka. Mmoja awe mtunza namba wa darasa, mwingine mkaguzi wa ndoo, wabadilishane kila wiki mbili.

Na usigeuze shindano kuwa "darasa lenye taka chache". Pakiti zitatupwa kwenye pipa la darasa jirani au nje ya ukuta. Kila darasa lishindane na namba yake ya mwezi uliopita.

Matofali ya chupa: kipimo kinachotumika sana ni angalau gramu 0.33 kwa kila mililita, yaani chupa ya lita 1.5 iwe na gramu 500. Ukishika chupa ya namna hiyo huwezi kuibonyeza kwa kidole. Makosa ni kutia plastiki chafu au yenye unyevu, ambayo huoza mabaki, hutoa gesi na kuvimbisha chupa. Na kuiacha juani, ambako hupasuka na kumwaga ulichokificha. Fanyeni kama mna mahali pa kuyafunika kabisa kwa udongo au plasta. Ila kwenye daftari la klabu yaandikwe "tuliyoyahifadhi", yasiandikwe "tuliyoyapunguza". Nimeshaona mtu anatafuta pakiti za kujazia tofali, na hapo hesabu imegeuka. Vyungu vyako vya maua viko kundi hilohilo: vikikaa juani vinakuwa vigumu na kuanza kumeguka, hivyo vikaguliwe na kutolewa mapema.

---

Msahihishaji

Nyongeza ndogo kabla hamjachora mabango. Ile kauli inayozunguka sana, "chupa inachukua miaka 450 kuoza", msiiandike kama jambo lililopimwa. Plastiki ilianza kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1950. Hakuna aliyekaa karne nne na nusu kuitazama. Mwambieni mtoto kile atakachokiona kwenye jaribio la jua, kwamba inameguka vipande vidogo zaidi na zaidi.

Vilevile kile kinachoitwa "kisiwa cha taka" katika bahari ya Pasifiki. Eneo hilo lilijulikana sana baada ya nahodha Charles Moore kulipitia kwa mashua mwaka 1997, lakini huwezi kusimama juu yake. Ni maji yenye vipande vilivyotawanyika, vingi vidogo, na utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba karibu nusu ya uzito wake ni nyavu za uvuvi. Mtoto akichorewa kisiwa, atauliza kwa nini lisiende tingatinga likakizoe, na ana haki.

Na kuhusu plastiki inayosemwa "inaoza yenyewe": vikombe vingi vya plastiki ya mimea vinahitaji mtambo wenye joto la nyuzi kama 60 kwa wiki nyingi. Baharini hakuna joto hilo. Kantini ikiwaletea hivyo kama suluhisho, vihesabiwe kwenye fungu lilelile la vikombe.

---

Mlezi_wa_Klabu

Nimekusoma, mkuu. Swali dogo la mwisho kwa Chumvi_na_Yai: maji ya mtungi wa tatu nikimaliza niyamwage wapi? Na vile vipande?

---

Chumvi_na_Yai

Usiyamwage kwenye bustani, chumvi hiyo itaua majani. Yachuje kwa kitambaa, uyahifadhi kwenye dumu lililoandikwa "CHUMVI, SI YA KUNYWA", yanafaa kwa darasa linalofuata na kwa ile ndoo ya ufukweni. Vipande vihesabiwe vilipoingia na vinapotoka. Ukikata 40, virudi 40 kwenye bahasha. Kikipungua kimoja, kitafutwe chini ya meza kabla hakijafagiliwa kwenye mtaro.